Ujumbe Umefika

Kutaisi, Februari. Kinachoanguka nje
kimeshindwa kuamua kama ni mvua au theluji,
nami nimefungua hukumu ya kurasa kumi na tisa,
penseli nyekundu mkononi, chai imepoa.

Mrufani: Makvala Jorbenadze, mjane, mshonaji wa mapazia.
Mjibu rufaa: kampuni ya mikopo
yenye jina refu na ofisi isiyo na kengele.
Shauri lenyewe ni dogo, lingeenea kiganjani:
deni la jokofu na la dawa za mume,
notisi ya siku kumi na nne,
kisha chumba na jiko, mnadani.

Notisi ilitumwa kwa simu. Hilo halibishaniwi.
Nambari ni ile iliyosajiliwa. Nalo halibishaniwi.
Simu ilikuwa ndani ya jeneza,
mfuko wa kushoto wa koti la Otia,
kando ya miwani na pakiti ya sigara,
kwa kuwa kwao maiti haendi mikono mitupu.
Na hilo, tazama aya ya kumi na mbili,
mahakama "imelizingatia."

Halafu aya ya kumi na tatu:
ujumbe uliotumwa kwa nambari iliyosajiliwa
huhesabiwa kuwa umefika.

Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Huhesabiwa.
Kitenzi kisicho na mimi, wala wewe, wala yeye.
Nani anahesabu? Kwa vidole vya nani?
Wanafunzi wangu hukimbilia kusema sheria ni msumeno.
Sawa. Lakini sijaona bado
msumeno uliojishika mpini.

Majaji wawili walikubaliana.
Wa tatu, Nestan Kvirkvelia, aliandika kurasa nne za kupinga,
na katika ya pili, chini kabisa, karibu na namba ya ukurasa:
"Tunadhania pale tusipojua. Hapa tulijua."
Maneno matano. Kura moja.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.
Kifungu hicho nilikiandika mimi.
Kamati ilikuwa ya watu saba, kalamu ilikuwa yangu.
Wadaiwa wenye magari mawili
walikuwa wakijibanza nyuma ya mapazia,
tarishi anagonga, mbwa anabweka, kesi inazeeka,
na wachuma chai wa Ozurgeti
wanangoja ujira wa miaka mitatu.
Nikaandika: huhesabiwa kuwa umefika.
Ujira ukalipwa. Mmoja wao aliniletea asali,
chupa ninayo mpaka leo, naweka penseli.

Basi msinitake nikiite kifungu kile kiovu.
Kilipungukiwa na maneno manne:
isipokuwa ikithibitika kuwa vinginevyo. (Manne, nimeyahesabu.)
Mwenzetu mmoja aliyapendekeza.
Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
na nilikuwa na basi la kuwahi.
Nikasema, hilo linajulikana,
nani atakayeandika kinachojulikana?

Jana niliteremka masjala kuchukua nakala.
Alikuwepo dirishani, uzi mweupe umenasa kwenye mkono wa sweta,
hakupiga kelele. Alimwuliza karani
kama mtu anayeulizia mzigo posta:
"Mmesema ulimfikia.
Amejibuje?"
Karani akapekua droo ya kwanza, ya pili.
Hakuna fomu ya swali hilo.

Ufafanuzi wangu unatakiwa kesho, maneno elfu mbili.
Nimeandika "mahakama ilipotoka," nikafuta.
Nimeandika "Bunge lirekebishe," nikaacha,
ni kweli, ila ni kweli ya mtu anayepita njia.
Naanzia chini, kwenye tanbihi,
herufi ndogo kuliko zote:
mwandishi wa makala haya
ana maslahi katika shauri hili.